Kuipenda Nchi na Kuiabudu: Ulinganisho kwa Anayetakiwa Kuchagua

Asubuhi ya tarehe 5 Januari 1895, katika uwanja wa chuo cha kijeshi mjini Paris, Kapteni Alfred Dreyfus alisimamishwa mbele ya vikosi vilivyopangwa mistari, na askari mmoja akaanza kumng'oa alama za cheo chake moja baada ya nyingine, kisha akauchukua upanga wake na kuuvunjia gotini. Kazi ilikwenda haraka kwa sababu mishono ilikuwa imelegezwa mapema na upanga ulikuwa umekwisha kupigwa tupa, ili aibu isije ikakwama mbele ya watu. Dreyfus, Myahudi aliyekuwa amehukumiwa na mahakama ya kijeshi kwa kosa la kuwapa Wajerumani siri, alipaza sauti kwamba anayevunjiwa heshima hana hatia, kisha akatamka: "Idumu Ufaransa! Lidumu jeshi!" Nje ya uzio ulikuwapo umati uliotaka auawe, na umati huo nao uliamini kwamba unaitetea Ufaransa.

Sauti zote mbili zilitaja nchi moja, saa ileile, na msikilizaji asiyejua kesi asingeweza kuzitenganisha kwa maneno yake. Hapo ndipo ugumu wa jambo hili ulipo. Uzalendo na utaifa unaodhuru hutumia bendera moja, wimbo mmoja na mashujaa walewale, na anayetakiwa kuchagua kati yake mara nyingi huletewa vyote viwili vikiwa vimefungwa katika kifurushi kimoja. Ulinganisho unaofuata unakusudia kukifungua kifurushi hicho.

Tuanze na majina, maana majina yamewapoteza wengi. Mzalendo, kwa asili ya neno, ni mtu aliyezaliwa mahali fulani. Maana ya kuipenda na kuitumikia nchi ilikuja kukaa juu ya hiyo ya kwanza. Utaifa nao ni neno lisilo na hatia yoyote: kwenye fomu ya pasipoti ni nafasi ya kujaza tu, na katika historia ya ukombozi ni jina la harakati zilizowaondoa wakoloni. Kinachotusumbua hapa ni aina moja ya utaifa ambayo wengi huiita utaifa wa kupindukia, lakini mimi nitaiita utaifa haribifu, kwa sababu neno kupindukia limebeba kosa ambalo ningependa tuliondoe mapema. Linadokeza kwamba vitu hivi viwili vimo katika kipimajoto kimoja, uzalendo ukiwa joto la kawaida la mwili na utaifa haribifu ukiwa homa, hivyo kwamba anayetaka kuepuka madhara anapaswa tu kuipenda nchi yake kidogo zaidi kuliko jirani yake.

Sikubaliani na kipimo hicho. Kanali Claus von Stauffenberg, aliyetega bomu la kumuua Hitler tarehe 20 Julai 1944 na kupigwa risasi usiku uleule, hakuwa mtu wa mapenzi vuguvugu kwa Ujerumani. Aliipenda kwa moto mkali, na moto huo ndio uliomfikisha kwenye bomu. Kwa upande mwingine, kila mmoja wetu amewahi kukutana na mtu ambaye hulia machozi bendera inapopandishwa na bado hukwepa kodi, hupora mali ya umma na hajawahi kuifanyia nchi yake jambo lolote zaidi ya kuwatukana wageni. Tofauti basi haiko katika kiasi cha hisia. Iko katika kile ambacho hisia hiyo inamtuma mtu kufanya, hasa katika nyakati mbili: siku nchi inapokosea, na siku inapobidi kuamua nani ni wa kwetu.

Siku nchi inapokosea

Turudi kwa Dreyfus, kwa sababu sijaona kesi nyingine iliyoziweka tabia hizi mbili ubavu kwa ubavu kwa uwazi kama hiyo, tena ndani ya ofisi moja.

Ushahidi uliomtia hatiani ulikuwa karatasi moja iliyopatikana katika kapu la takataka la ubalozi wa Ujerumani, ambayo mwandiko wake ulidaiwa kuwa wa kwake. Alipelekwa Kisiwa cha Shetani, karibu na pwani ya Guyana ya Kifaransa, na jambo likahesabiwa kuwa limekwisha. Mwaka 1896 mkuu mpya wa idara ya ujasusi ya jeshi, Georges Picquart, aligundua kwamba mwandiko ule ni wa ofisa mwingine, Meja Esterhazy. Inafaa kusema wazi kwamba Picquart hakuwa rafiki wa Wayahudi; alikuwa na chuki zilezile zilizowajaa maofisa wengi wa wakati wake. Hata hivyo aliwapelekea wakubwa wake alichokiona, nao wakamshauri aliache jambo hilo. Alipokataa alihamishiwa Tunisia, na baadaye akakaa gerezani karibu mwaka mzima.

Katika idara hiyohiyo alikuwamo Hubert-Joseph Henry. Yeye aliona kwamba ushahidi dhidi ya Dreyfus ni dhaifu, akaamua kuutia nguvu kwa kughushi: alichukua vipande vya barua halisi, akaviunganisha na karatasi aliyoiandika yeye, na kupata barua iliyomtaja Dreyfus. Barua hiyo ilisomwa hata bungeni kama uthibitisho. Kisha usiku mmoja wa Agosti 1898 ofisa aliyepewa kazi ya kukagua mafaili aliiinua mbele ya taa na kuona kwamba mistari hafifu iliyochapwa kwenye karatasi haikuwa ya rangi moja. Kipande cha juu na cha chini vilikuwa vya rangi moja, na cha katikati kilikuwa cha rangi nyingine. Henry alikiri, akafungwa, na siku iliyofuata akajikata koo kwa wembe.

Kilichofuata baada ya kifo chake ndicho kinachotuhusu zaidi. Mwandishi Charles Maurras alijitokeza kumsifu, akiuita uongo ule utumishi kwa taifa, na gazeti moja lililowachukia Wayahudi likafungua mchango kwa ajili ya mjane wake uliokusanya zaidi ya faranga 130,000. Kwa watu hao barua ilikuwa ya uongo na bado ilikuwa tendo jema, kwa sababu liliilinda sifa ya jeshi. Picquart na Henry walikuwa wamekula kiapo kimoja na kuvaa sare moja. Mmoja aliona aibu iko katika tendo lenyewe, kwamba jeshi limemfunga asiye na kosa. Mwingine aliona aibu iko katika kujulikana kwa tendo hilo. Kama ningeruhusiwa kutoa kipimo kimoja tu cha kutenganisha uzalendo na utaifa haribifu, ningetoa hicho.

Marekani nayo ina maneno mawili yanayokaa vizuri katika mizani hii. Mwaka 1816 ofisa wa jeshi la majini Stephen Decatur, akiinua glasi karamuni, aliitakia nchi yake iwe daima upande wa haki katika mambo yake na mataifa mengine, kisha akaongeza kwamba, iwe na haki au isiwe nayo, bado ni nchi yetu. Mwaka 1872 Seneta Carl Schurz, mhamiaji kutoka Ujerumani, aliyachukua maneno hayo barazani na kuyakamilisha: ikiwa na haki, tuilinde ibaki nayo, ikiwa imekosa, tuirekebishe. Wengi hudhani Schurz alimpinga Decatur, lakini kwa maoni yangu alikuwa akionyesha kwamba sentensi ile iliachwa njiani. Ni kweli nchi yangu hubaki kuwa yangu hata inapokosa, kama mtoto anavyobaki kuwa wa mzazi wake hata akiiba. Swali ni kile anachokifanya mzazi baada ya hapo, na wahenga walikwisha kusema kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tahadhari moja inahitajika hapa, nami nitaipitia kwa ufupi. Si kila anayeikosoa nchi yake ni mzalendo. Wapo wanaoibeza kwa raha tu, wasiotaka irekebike na wasiojisikia kuhusika na chochote kinachotokea ndani yake. Mtu wa aina hiyo utamtambua kwa kuwa kosa la nchi humfurahisha. Picquart halikumfurahisha hata kidogo.

Siku ya kuhesabu nani ni wa kwetu

Kipimo cha pili ni mlango: nani anaruhusiwa kuingia katika neno "sisi", na kwa sharti gani. Uzalendo huweka sharti ambalo mtu anaweza kulitimiza, yaani kuishi humo, kutii sheria, kubeba sehemu yake ya mzigo. Utaifa haribifu huweka sharti ambalo haliwezi kutimizwa na yule anayelengwa, kwa mfano damu, rangi, dini ya mababu au asili ya jina lake, kisha humlaumu kwa kutolitimiza.

Mnamo Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru wa Tanganyika, Bunge lilijadili muswada wa uraia, na baadhi ya wabunge walitaka uraia ushikamane na rangi. Walikuwa na hasira zenye sababu, maana ubaguzi wa kikoloni ulikuwa bado haujapoa mwilini mwao. Julius Nyerere aliwapinga kwa ukali usio wa kawaida. Hoja yake ilikuwa kwamba ukiutaliki uraia kutoka kwenye uaminifu na kuuoza kwa rangi, hutaishia hapo. Ukimaliza kuwatoa wa rangi nyingine utaanza kuwahesabu wa rangi yako kabila kwa kabila, ukimtoa huyu leo na yule kesho. Hoja hiyo ina nguvu kwa sababu haimwombi msikilizaji awahurumie wengine. Inamwonyesha kwamba kisu anachokinoa hakina mpini wa kumjua mwenyewe.

Mfano wa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia ni mgumu zaidi, kwa sababu waliofanya dhambi walikuwa upande uliopigana na ufashisti. Tarehe 19 Februari 1942 Rais Franklin Roosevelt alitia saini Agizo namba 9066, lililoruhusu jeshi kuwaondoa watu katika maeneo litakayoyataja. Agizo lenyewe halikuwataja Wajapani hata kwa neno moja, na bado kila mtu alijua linamhusu nani: watu wapatao 120,000 wa asili ya Kijapani walihamishiwa kambini, na karibu thuluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa. Vijana wengi waliotoka katika kambi hizo walijiunga na kikosi cha 442 na kupigana Ulaya, wakiwaacha wazazi wao nyuma ya seng'enge, na kikosi chao kikawa miongoni mwa vilivyopata nishani nyingi kuliko vyote kwa ukubwa wake. Fred Korematsu, mzaliwa wa California, yeye alikataa kwenda kambini, akakamatwa, na mwaka 1944 Mahakama Kuu ya nchi ikamshinda kwa majaji sita dhidi ya watatu. Hukumu yake ilifutwa mwaka 1983, na mwaka 1988 serikali iliomba radhi kwa sheria na kumlipa kila aliyenusurika dola 20,000. Tume iliyoundwa na Bunge la nchi hiyo ilikwisha kuhitimisha kwamba chanzo cha uamuzi ule kilikuwa ubaguzi wa rangi, wahaka wa vita na udhaifu wa viongozi.

Ninapolinganisha hapo sioni pande mbili, naona tatu. Askari wa kikosi cha 442 aliithibitishia nchi mapenzi yake kwa kuifia. Korematsu aliithibitishia kwa kuikatalia. Na aliyewapeleka kambini alidai kuipenda kuliko wote wawili. Wawili wa kwanza walitofautiana njia, na baadhi ya watu wa jamii yao walimlaumu Korematsu kwa kuwachongea. Lakini wote wawili waliamini jambo moja ambalo wa tatu hakuliamini, kwamba katiba ya Marekani iliandikwa kwa ajili yao pia.

Afrika Kusini inatupa ulinganisho wa moja kwa moja zaidi, kwa kuwa utaifa mbili zilikua juu ya udongo mmoja. Ule wa Makaburu uliingia madarakani mwaka 1948 ukiwa na kumbukumbu za kweli za mateso, maana maelfu ya wanawake na watoto wao walikufa katika kambi za Waingereza wakati wa vita vya 1899 hadi 1902, na kutokana na maumivu hayo ukajenga mfumo wa apatheidi. Mwingine, ule wa chama cha ANC na washirika wake, ulikutana Kliptown, Johannesburg, tarehe 26 Juni 1955 na kutangaza katika Hati ya Uhuru kwamba nchi ni ya wote wanaoishi ndani yake, weusi na weupe. Sentensi hiyo haikuwa rahisi kuikubali, na kutokubaliana juu yake kulichangia kundi moja kujitenga mwaka 1959. Watu wote hawa walikuwa wameumizwa, na maumivu yenyewe hayakuamua nani atageuka kuwa mkatili.

Lugha na kumbukumbu

Kuhusu lugha sina mengi, kwa sababu dalili yake ni ya wazi na huja mapema. Adui wa mzalendo hubaki kuwa mtu, hata anapopigwa risasi. Utaifa haribifu huanza kumwita mdudu, uchafu au ugonjwa, na neno hilo likishazoeleka hakuna anayeshtuka mdudu akikanyagwa. Kituo cha redio cha RTLM kilichoanza matangazo nchini Rwanda mwaka 1993 kiliwaita Watutsi mende kwa mwaka mzima, katikati ya muziki na mizaha, kabla na wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Mizaha ndiyo ninayoitilia mkazo, kwa sababu wengi husubiri kusikia sauti ya ukali ndipo washtuke, ilhali sumu ile ililetwa na watangazaji wachangamfu.

Kumbukumbu ya historia inahitaji maneno zaidi. Mwanazuoni Ernest Renan, katika mhadhara wake wa mwaka 1882 juu ya maana ya taifa, alisema kwamba kusahau, na hata kukosea historia, ni sehemu ya kuliunda taifa. Alikuwa sahihi kwa kiasi, maana hakuna nchi inayoweza kuamka kila siku na kuyahesabu majeraha yake yote. Lakini kuna tofauti ya kile kinachosahauliwa. Tarehe 28 Juni 1989 Slobodan Milošević, kiongozi wa Serbia wakati ule, alihutubia umati mkubwa mno huko Gazimestan, Kosovo, kuadhimisha miaka 600 ya vita ambavyo Waserbia walipigana na Waosmani mwaka 1389, na katika hotuba hiyo alidokeza kwamba mapigano ya silaha hayajaondolewa kuwa jambo linalowezekana. Kumbukumbu ya karne sita ililetwa karibu kana kwamba ni jeraha la jana. Miaka sita baadaye, Julai 1995, wanaume na wavulana Waislamu zaidi ya 8,000 waliuawa Srebrenica na majeshi ya Waserbia wa Bosnia.

Weka pembeni yake tarehe 7 Desemba 1970, ambapo Willy Brandt, Chansela wa Ujerumani Magharibi, aliweka shada la maua kwenye mnara wa kumbukumbu ya Wayahudi wa Warsaw, akarekebisha utepe, akarudi nyuma hatua chache, kisha akapiga magoti kwenye sakafu iliyolowa na kukaa hivyo kwa kimya. Brandt mwenyewe alikuwa ameukimbia utawala wa Hitler tangu 1933, kwa hiyo hakuwa na deni lake binafsi la kulipa pale. Alipiga magoti kwa niaba ya nchi iliyompokonya uraia wake. Nyumbani, kura ya maoni ya wakati ule ilionyesha kwamba walioona amezidisha walikuwa wengi kuliko walioona amefanya sawa. Milošević alishangiliwa na Brandt akalaumiwa, na anayechagua kwa kusikiliza makofi angechagua vibaya siku zote mbili.

Mahali ambapo mstari haujanyooka

Hadi hapa nimechagua mifano ambayo hukumu yake imekwisha kutolewa na wakati. Maisha ya kila siku hayana upole huo, na kuna mambo matatu ambayo watu wenye nia njema huyabishania.

La kwanza ni mipaka na ajira. Nchi kuweka masharti ya nani aingie, au kuwapa raia wake nafasi ya kwanza katika kazi za umma, si utaifa haribifu. Ni sehemu ya kuwa nchi, na anayemwita kila mtetezi wa mpaka mbaguzi huwasukuma watu wa kawaida kwenda kwa wabaguzi wa kweli, ambao huwapokea kwa mikono miwili. Ninachokiangalia ni kama sheria inamtazama mtu kwa hadhi yake au kwa asili yake. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka mwaka 1972, miongoni mwa waliojikuta wakifukuzwa walikuwamo waliokuwa na uraia wa Uganda mikononi. Pasipoti zao hazikuwafaa kitu, na hapo ndipo suala la uhamiaji lilipokwisha kuwa suala la damu.

La pili ni vita. Nchi inaposhambuliwa, umoja wa aina fulani unahitajika na si kila swali linaweza kuulizwa hadharani wakati mizinga inalia. Nakubali hilo, ila kwa sharti kwamba dharura iwe na mwisho unaojulikana. Serikali inayotangaza vita visivyo na adui aliyetajwa wala siku ya kumalizika inaomba ruhusa ya kudumu ya kutoulizwa, na mfano wa Agizo namba 9066 unaonyesha kwamba hata vita vya haki vinaweza kutumiwa kufunika dhuluma ya nyumbani.

La tatu ni michezo, nalo sioni sababu ya kulikuza. Kupiga kelele kwa timu ya taifa, kupaka uso rangi za bendera na kumzomea mwamuzi ni burudani. Linabadilika pale tu mchezaji aliyekosa penalti anapoambiwa kwamba kumbe si wa kwetu.

Namna ya kuchagua

Mtu akiniuliza afuate upande upi, simwambii achague kati ya kuipenda nchi na kutoipenda, kwa sababu hilo silo chaguo lililo mbele yake. Yapo mawazo, hasa yaliyotoka Ujerumani baada ya vita, yanayopendekeza uzalendo wa katiba: neno hilo lilitungwa na Dolf Sternberger mwaka 1979, na mwanafalsafa Jürgen Habermas akalieneza, kwa maana kwamba raia wa nchi yenye watu wa asili nyingi waungane kwa kuzipenda kanuni za haki badala ya damu. Kama sakafu, nauona ni imara. Kama nyumba nzima, nauona una ubaridi, kwa kuwa watu wachache sana wamewahi kutokwa na machozi kwa ajili ya ibara. Watu hupenda lugha waliyobembelezewa, vilima walivyovikimbilia utotoni, makaburi ya wazee wao. Kuyaacha yote hayo mikononi mwa wenye chuki, kwa hofu ya kufanana nao, ni kuwapa silaha ambayo hawakuitengeneza. Kwa hiyo ningechagua kuipenda nchi kwa vitu vyake halisi, na kuiacha katiba ilinde mlango ili mwenzangu mwenye vilima vingine apate kuingia.

Katika matumizi ya kila siku, pale hotuba au ujumbe unapomfikia mtu na kumtaka aunge mkono au aufikishe kwa wengine, ninatumia njia mbili. Kwanza huchukua kalamu na kufuta kila sentensi inayomzungumzia adui, wa ndani au wa nje, kisha husoma kilichobaki. Hotuba ya mzalendo hubaki na shule, visima, mahakama, ahadi zinazoweza kudaiwa; hotuba ya aina ya pili hubaki na salamu na hitimisho. Pili, humuuliza msemaji, akiwa karibu, ni nani ambaye nchi yetu imewahi kumkosea. Simtaki anipe orodha ndefu wala akubaliane na orodha yangu. Namtaka aweze kumtaja mtu mmoja. Nimeona watu wakali kwa sura wakijibu swali hilo bila shida, na wengine wapole, wenye maneno ya asali, wakibadilika rangi na kuniuliza ninalipwa na nani.

Aliyechagua njia ya kwanza asidhani kwamba kweli ikishathibitishwa ugomvi umekwisha. Dreyfus alisafishwa rasmi na mahakama ya juu tarehe 12 Julai 1906, miaka kumi na miwili karibu kamili tangu alipokamatwa, akarudishwa jeshini na kuvishwa nishani. Tarehe 4 Juni 1908, katika sherehe ya kuyahamishia mabaki ya Émile Zola, aliyekuwa amemtetea, kwenye jengo la mashujaa la Panthéon, mwandishi wa habari aitwaye Louis Grégori alimpiga risasi na kumjeruhi mkono. Baraza la wazee wa mahakama lilimwachia huru mpigaji. Vita Kuu ilipozuka mwaka 1914, Dreyfus, aliyekuwa na miaka 54, alivaa tena sare ya Ufaransa na kuripoti kazini.